Seti ya mipira na vali za kinyunyizi cha trekta: imara upande wa kunyonya, dhaifu upande wa kurudisha

Seti hii imekusudiwa kinyunyizi kinachobebwa na trekta, chenye tangi la lita 600 na mkono wa kunyunyizia wa mita 12. Ndani yake mna karibu kila kitu kinachokaa kati ya tangi na nozeli: mpira wa kunyonya, chujio, vali ya kurekebisha presha, geji, vali 3 za kufungulia sehemu za mkono, na vishikio 24 vya nozeli. Pampu hununuliwa peke yake. Niliifunga kwenye mashine yenye pampu ya diaframu (inayosukuma maji kwa utando unaokwenda na kurudi), na maoni yangu yanahusu mpangilio huo.

Upande wa kunyonya ni kazi ya mtu anayeujua mtambo. Mpira ni mpana, wa inchi 1½, na una waya uliozungushwa ndani ya ukuta wake, hivyo hausinyai pampu inapovuta. Mpira wa kawaida wa maji ukiwekwa hapo hubonyea, pampu hukosa maji, na mshale wa geji huanza kuchezacheza. Kati ya tangi na chujio kuna vali ya kufunga, ambayo thamani yake huonekana pale chujio linapoziba tangi likiwa limejaa dawa, kwa sababu bila vali hiyo anayelifungua humwagikiwa na sumu mikononi. Viungio vimekaza vizuri kwa klampu za chuma kisichoshika kutu, nami sikuona hewa ikiingia popote.

Tatizo liko upande wa kurudisha. Pampu ya diaframu husukuma kiasi kilekile cha maji kwa kila mzunguko, nozeli ziwe wazi au zimefungwa, kwa hiyo maji yasiyotumika lazima yapate njia ya kurudi tangini, la sivyo presha hupanda mpaka kitu kipasuke. Vali ya usalama imo na hufunguka ipasavyo. Lakini mchoro wa maelekezo unamtaka mfungaji achukue maji ya kukorogea dawa kutoka kwenye mpira huohuo wa kurudishia, na jambo hilo nalipinga kabisa. Maji ya mpira huo ni mabaki: nozeli zote zikifunguliwa hupungua, na presha yake ni ndogo mno kuweza kusukuma mkondo wa kukoroga chini ya tangi. Kwa dawa ya unga, ambayo hutuama upesi, matokeo yake ni maji mepesi mwanzoni mwa shamba na uji mzito mwishoni. Isitoshe, kukibana kinywa cha mpira huo ili mkondo upate nguvu huzuia vali ya presha isiweze kushusha presha tena. Njia sahihi ni kuweka tii (kiungio chenye umbo la T) kati ya pampu na vali ya presha, kisha kuupa mkondo wa kukoroga mpira wake na vali yake. Sehemu hizo hazimo katika seti, na zilipaswa kuwamo.

Hesabu ya pampu nayo imepunjwa. Boksi linasema lita 50 kwa dakika zatosha, ilhali nozeli ya bluu, yaani ya saizi 03, hutoa lita 1.2 kwa dakika kwenye presha ya bar 3, na nozeli 24 hutumia karibu lita 29. Kukoroga tangi la lita 600 huhitaji takriban asilimia 5 hadi 10 ya ujazo wake kila dakika, yaani lita 30 hadi 60 zaidi. Ningechagua pampu ya lita 80 au 90.

Geji inapima hadi bar 25, na kwa nozeli bapa (zinazotoa dawa kwa umbo la feni) zinazofanya kazi kati ya bar 2 na 4 hiyo ni sawa na kutosomeka. Ibadilishwe kwa yenye kikomo cha bar 10. Vishikio vya nozeli vina diaframu za kuzuia matone, na vinafunga papo hapo vali zinapofungwa. Sili ni za EPDM, mpira unaovimba ukigusana na dawa zenye mafuta ya petroli, hivyo anayetumia dawa hizo aagize mapema sili za Viton, mpira unaostahimili mafuta hayo.

Mwenye pampu ya diaframu ataridhika na seti hii akinunua tii, vali moja na geji nyingine. Mwenye pampu ya sentrifugali (inayosukuma maji kwa gurudumu linalozunguka kasi) atalazimika kulihamishia chujio upande wa kusukuma, kwa kuwa pampu hiyo haivumilii kizuizi chochote kwenye mpira wa kunyonya.