Dari ya bafu inabanduka: ununue rangi ipi?

Unaoga, kipande cheupe kinadondokea kwenye ndoo ya maji, unakitoa kwa kidole na kuendelea. Hiyo ni wiki ya kwanza. Ikifika wiki ya nne unaoga huku umeinua macho kama mtu aliyekaa chini ya mwembe. Nimeishi na dari ya namna hiyo kwenye nyumba ya kupanga, ghorofani, hapa Dar es Salaam, na nimeipaka mara tatu ndani ya miaka minne. Mara mbili za mwanzo nilichagua rangi kwa bei. Ile ya tatu bado imeshika.

Kosa langu lilikuwa la hesabu. Bafu la kawaida la nyumba ya kupanga, tuseme mita 1.8 kwa 2.4, lina dari ya mita za mraba 4 na kidogo. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita za mraba 8 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Mikono miwili ya dari hiyo inakula lita moja, na kwa kuwa dari iliyokwanguliwa hunywa rangi zaidi, weka lita moja na nusu. Kwa kazi ndogo hivi, tofauti kati ya rangi ya bei ya chini kabisa na rangi nzuri kuliko zote dukani haizidi sahani kadhaa za chipsi mishikaki. Anayebana bei hapa anabana mahali pasipo na pesa. Pesa inapotea kwa fundi kurudi mara ya pili, na mara ya tatu.

Kwa hiyo orodha hii haikupangwa kwa bei. Nimeipanga kwa jinsi rangi inavyovumilia mvuke, ukungu na kusuguliwa.

Lakini kabla ya kwenda dukani, jua maji yanatoka wapi. Kata kipande cha nailoni, ukubwa wa karatasi ya daftari, ukibandike darini mahali pakavu palipokwanguliwa, ukizibe pande zote nne kwa selotepu, ukiache siku nzima. Ukikuta matone upande wa chini, unaotazama bafu, huo ni mvuke wa kuoga. Ukikuta unyevu upande wa juu, kati ya nailoni na dari, maji yanapita kwenye zege: bomba la jirani wa juu, sakafu ya bafu lake, au paa la zege lenye ufa. Hapo usinunue rangi yoyote. Panda ngazi, piga hodi, ongea na jirani kwa heshima. Hakuna kopo duniani linalozuia maji yanayosukuma kutoka nyuma; rangi itavimba kama andazi kisha itapasuka.

Arusha, Mbeya na Nairobi mkosaji wa kawaida ni mvuke, kwa sababu watu wanaoga maji ya moto chini ya dari iliyopoa. Huku Pwani wengi tunaoga maji ya baridi, na dari ikibanduka mimi humtilia shaka jirani wa juu kwanza.

Sasa rangi zenyewe.

Nafasi ya kwanza: rangi ya maji ya silki

Kopo huwa limeandikwa Silk, na mng'ao wake ni wa wastani, si wa kioo. Ina gundi nyingi kuliko rangi ya maji ya kawaida, hivyo ikikauka inafunga uso. Mvuke unakaa juu yake kama matone badala ya kunywewa, na ukungu ukianza unaufuta kwa kitambaa bila kung'oa rangi. Ukipata iliyoandikwa kuwa ni ya jikoni na bafuni, au iliyowekewa dawa ya fangasi, chukua hiyo. Inagharimu zaidi ya ile ya kawaida, wakati mwingine maradufu, lakini hesabu ya lita moja na nusu umeshaiona.

Kasoro yake moja: mng'ao unafichua kila kilima na bonde ambalo fundi hakulisawazisha. Chagua nyeupe. Doa jipya la maji utaliona mapema.

Nafasi ya pili: rangi ya nje

Mafundi wanaiita wezagadi, hata ikiwa ya kampuni gani. Imetengenezwa kuvumilia mvua, inanyumbulika kidogo, na dawa yake ya kuzuia ukungu ni kali. Ndiyo maana mafundi wengi wanaipaka bafuni bila kuuliza, na mara nyingi inadumu. Siiweki ya kwanza kwa sababu hiyohiyo ya dawa: imekusudiwa mahali penye upepo. Kama bafu lako lina dirisha kubwa la vioo vya kufungua, itumie, uliache wazi siku tatu nne. Kama ni bafu lisilo na dirisha, rudi kwenye silki.

Nafasi ya tatu: rangi ya mafuta

Hii ndiyo waliyoiamini wazazi wetu, na si bure. Inazuia mvuke kuliko zote hizi. Tatizo ni pale unyevu unapotokea juu: rangi ya mafuta haipumui hata kidogo, kwa hiyo inabanduka kwa mapande makubwa badala ya kumomonyoka. Halafu nyeupe yake hugeuka njano mahali pasipo na jua, na bafu ndilo hilo. Plasta mpya ya saruji nayo inaila, kwa kuwa saruji mbichi ina magadi yanayoivunja rangi ya mafuta na kuifanya inate kama sabuni. Plasta iache mwezi mzima ikauke.

Inunue kwa sababu moja tu: dari tayari ina rangi ya mafuta iliyoshika vizuri sehemu kubwa, na kile kipimo cha nailoni kimekuonyesha kuwa juu ni pakavu. Na ukikwangua rangi ya mafuta ya zamani, tumia msasa wa maji, dari ikiwa imeloweshwa. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Siku hizi Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa milioni, kilekile kinachopendekezwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lakini dari ya miaka thelathini haijui habari hizo.

Nafasi ya mwisho: rangi ya maji ya kawaida

Ile isiyong'aa, ya ndoo ya lita 20, rangi ya mwenye nyumba. Sebuleni haina ubaya. Bafuni inakunywa mvuke kama mkate unavyokunywa chai, inabaki na unyevu, ukungu unapata pa kulala, na ukiifuta inatoka na kitambaa. Dari yangu niliipaka hii mara zote mbili.

Chokaa sijaipa nafasi, si kwa kuidharau. Ukiwa kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe, Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu, dari ya boriti na kuta zake zilijengwa kupumua, na chokaa inapumua nazo. Ukali wake pia ukungu hauupendi. Kuipaka nyumba kama hiyo silki ni kuifunga pumzi, na itakutemea rangi yote ndani ya mwaka. Huko chokaa ni ya kwanza. Kwenye zege la ghorofa, hapana, itakuchafua nywele.

Na dari za plastiki, zile mbao za PVC? Zinafaa ukitaka kumaliza habari ya rangi kabisa na dari iko juu vya kutosha. Ila maji yakivuja juu yake hutajua mpaka yajae.

Vinavyonunuliwa kabla ya rangi

Hapa ndipo rangi nyingi nzuri zinapoharibiwa. Mara ya pili niliyopaka, fundi alikuja na mfuko wa pauda nyeupe ya jipsamu, akaskimu dari yote ikawa laini kama sahani. Nilifurahi kweli. Nikamwuliza habari ya madoa meusi pembeni, akanijibu, "Dada, hayo ni fangasi tu, tukipaka yanapotea." Yalipotea miezi mitano.

Jipsamu inapenda maji. Ikilowa inalainika, na rangi iliyo juu yake haina tena cha kushika. Kilichobanduka kwangu hakikuwa rangi peke yake, kilikuwa rangi na jipsamu nyuma yake, unene wa ganda la yai. Ukiokota kipande kilichoanguka, kigeuze. Kama mgongo wake ni mweupe na unaacha unga kidoleni, tatizo lako ni pauda, wala usilaumu rangi. Bafuni omba pati ya saruji, ile inayouzwa kwa kuta za nje, ambayo maji hayaitishi. Na kama dari yenyewe ni bodi za jipsamu, sehemu iliyolowa na kulegea ikatwe, iwekwe kipande kipya, kile cha kijani kinachovumilia unyevu. Kupaka bodi iliyolegea ni kazi bure.

Cha pili ni praima. Wauzaji wengine watakupa andakoti wakikuambia ni kitu kimoja, sivyo. Andakoti inatayarisha uso kwa rangi ya mafuta. Praima ya saruji, inayohimili magadi, inafunga unga na kuipa rangi mahali pa kung'ata. Kama dari ina doa la kahawia la maji yaliyokwisha kukauka, tia mkono mmoja wa praima ya kuzuia madoa juu ya doa, la sivyo litapenya rangi ya maji hata ukipaka mara nne. Nikiwa na fedha ya kopo moja zuri tu, kati ya praima nzuri na rangi nzuri, ningenunua praima.

Vingine ni vya bei ndogo: skrepa, msasa, rola ya nywele fupi yenye mpini mrefu, na jiki. Ukungu unauawa kwanza, haupakwi juu. Sehemu moja ya jiki kwa tatu za maji, paka kwa sponji, subiri robo saa, suuza, acha pakauke kabisa. Fungua dirisha, vaa glovu na kitu cha macho maana unapaka juu ya kichwa chako mwenyewe, na usichanganye jiki na dawa ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo unatoa gesi inayochoma mapafu.

Kabla ya kupaka, bandika mkanda wa gundi juu ya rangi ya zamani unayofikiria kuiacha, uuvute kwa ghafla. Ukitoka na rangi, endelea kukwangua. Fundi atanuna. Mwache anune.

Dukani

Nunua kopo lililofungwa kiwandani. Rangi ya kupimiwa kutoka kwenye ndoo kubwa inaweza kuwa imeshaongezwa maji, na fundi naye ataongeza ya kwake. Angalia alama ya TBS, au ya KEBS kwa walio Kenya, na tarehe ya kutengenezwa. Mwombe muuzaji alifungue mbele yako: rangi ya maji iliyoharibika inanuka kama maji ya maua yaliyooza, au ina mabonge yasiyovunjika kwa kijiti. Ukienda Kariakoo uliza bei kwa lita, si kwa kopo, kwa sababu makopo yanayofanana kwa macho hayajazi sawa.

Mwambie fundi mapema kuwa mkono wa kwanza anaweza kuongeza maji kidogo kama kopo linavyoruhusu, na wa mwisho asiongeze kitu. Kaa naye siku hiyo kama unaweza. Kati ya mkono na mkono mpe usiku mzima, hata kama kopo linasema saa nne. Pwani hewa yenyewe ina maji, hasa Machi hadi Mei, na ukiweza kusubiri kipupwe cha Juni au Julai, subiri. Baada ya mkono wa mwisho familia isioge humo siku tatu. Sisi tulioga kwa jirani wa juu, yuleyule wa bomba.

Rangi iliyobaki imimine kwenye chupa ndogo ya kioo, ijae mpaka juu, uandike jina la rangi na tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Yangu iko chini ya sinki.