Kuchukuliwa kinyama cha titi kwa sindano: tathmini ya huduma niliyoipata

Nimepimwa uvimbe wa titi la kushoto mara mbili, katika vituo viwili tofauti vya Dar es Salaam, nami ninaandika hasa juu ya kile cha pili, kwa kuwa huko ndiko nilikotambua kwamba jibu hutegemea sana namna sampuli inavyotunzwa baada ya sindano kutoka mwilini.

Mara ya kwanza nilichomwa sindano nyembamba ya kufyonza seli. Kilichopatikana kilipakwa kwenye slaidi mbili (vioo vya kusomea seli kwa hadubini), zikaachwa mezani zikimsubiri mtu wa kuzitia katika alkoholi, na wiki mbili baadaye nikaelezwa kuwa hazisomeki. Slaidi ya kutiwa rangi ya Papanicolaou, inayofanya seli zionekane vizuri, hutakiwa kuingizwa katika alkoholi ya asilimia 95 papo hapo, ingali mbichi, kwani seli zikikaukia hewani huvimba na viini vyake hupoteza umbo. Zinazokaushwa kwa makusudi ni zile za rangi nyingine iitwayo Giemsa. Niliumia sana kuambiwa nirudie kwa kosa la dakika chache.

Katika kituo cha pili niliomba nipangiwe Alhamisi inayotangulia Pasaka, wakakataa. Maabara ingefungwa hadi Jumanne, na kinyama cha titi hakipaswi kukaa ndani ya fomalini, dawa ya kukihifadhi, chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72, la sivyo vipimo vya vipokezi vya homoni na protini ya HER2, vinavyofanywa saratani ikipatikana ili kuchagua matibabu, na ambavyo hakuna ajuaye mapema kama vitahitajika, huenda visiaminike. Siku ile nilikasirika. Leo kukataliwa huko ndiko ninakokusifu kuliko yote.

Baada ya ganzi, daktari alitumia sindano nene ya geji 14 akiongozwa na altrasaundi, akatoa vipande vinne vyembamba mithili ya tambi. Vilitumbukizwa mara moja katika chupa yenye fomalini ya asilimia 10, nyingi kiasi cha kuvifunika kabisa. Jina langu, titi lililohusika na mahali pa uvimbe vilikuwa vimeandikwa ubavuni mwa chupa, si kwenye mfuniko, maana mifuniko huweza kubadilishana. “Dada, soma mwenyewe kama ni sahihi,” muuguzi aliniambia, kisha akaandika saa: 4:20 asubuhi.

Chumba cha kubadilishia nguo hakina komeo, jambo ambalo mwanamke katika hali ile hastahili, na ripoti iliyotoka siku ya tisa ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Hata hivyo daktari aliketi nami, akalinganisha maelezo ya mtaalamu wa patholojia na picha ya altrasaundi pamoja na alichokigusa kwa mkono, ndipo akanithibitishia kuwa ni fibroadenoma, uvimbe usio saratani. Nimepangiwa kurudi kwa altrasaundi baada ya miezi sita, nami nitarudi hapo hapo.