Seti za kuunda boti ya kasi ya mbao: ipi uanze nayo, ipi ingoje

Kabla hujalipia seti yoyote ya kuunda boti ndogo ya mfano, ya kuendesha majini kwa rimoti, tafuta picha ya boti hiyo ikiwa mifupa mitupu, imelazwa kifudifudi, haijavikwa mbao. Picha ya kwenye sanduku achana nayo. Hiyo imepigwa vanishi ikiwa imeshakauka na taa zimewekwa sawasawa, wala haikuambii lolote kuhusu kazi inayokungoja. Mifupa ndiyo inayosema kweli: mataruma, yaani mbavu za boti, ni mangapi, yameachana kwa nafasi gani, na zaidi ya yote, tumbo la boti linajipinda vipi kutoka tezi, yaani nyuma, hadi omo, yaani mbele.

Hapo omoni ndipo wengi wanapokwama na kulirudisha sanduku juu ya kabati. Boti ya kasi inahitaji tumbo lililo karibu bapa upande wa nyuma ili inyanyuke na kuteleza juu ya maji, na mbele inahitaji umbo kali la V ili ipasue mawimbi. Kwa hiyo ubao uleule uliolala nyuma hufika mbele ukiwa karibu umesimama wima. Plaiwudi haipendi mambo hayo. Ukiikunja kuelekea upande mmoja inatii, lakini ukiisokota inalia ta!, na ufa unatokea pale pale ambapo vanishi haitauficha. Mbunifu anayejua kazi yake amekufikiria mapema: ametumia plaiwudi nyembamba, ameelekeza nyuzi za mbao zifuate mkunjo, au amekata tumbo vipande viwili na omo akaijaza na vibao vya kuchonga. Asiyejua hukupa bapa moja nene na mshale kwenye mchoro.

Nimezipanga seti hizi kwa kigezo kimoja: uwezekano wa mtu ambaye hajawahi kuunda boti kuimaliza, ikaelea na ikakimbia. Uzuri umekuja wa pili. Aliyekwisha kuunda mbili tatu na aisome orodha kutoka chini kwenda juu.

Kisichomo sandukuni

Seti nyingi za mbao huuzwa bila mota, bila kidhibiti mwendo, bila betri, bila rimoti na kipokezi chake, bila sevo ya kugeuza usukani. Baadhi hazina hata shafti, rafadha (panga linalosukuma maji) wala usukani wenyewe; hivyo vimewekwa kwenye pakiti nyingine yenye namba yake na bei yake. Gundi, msasa, epoksi ya kuzuia maji na vanishi usitarajie kabisa. Jumlisha vyote kabla ya kuagiza, wala usishangae jumla ikilingana na bei ya seti au kuipita.

Shafti na mota vinunue siku moja na seti, usingoje. Tundu la shafti linapita kwenye mkuku, yaani uti wa chini wa boti, na kitako cha mota hugundishwa kati ya mataruma wakati tumbo bado liko wazi. Ukifunga sitaha kwanza utakuwa unafanya kazi kwa kupapasa ndani ya giza, na shafti iliyokaa mshazari hata kidogo kuelekea mota hutetemesha boti nzima, hula betri na kusaga bomba lake. Hakikisha pia kwamba kutakuwa na mfuniko wa kutosha kupitisha mkono. Bomba la shafti linahitaji grisi mara kwa mara, na betri inatoka na kuingia kila ukienda majini.

Jambo jingine la kuuliza ni jinsi vipande vilivyokatwa. Vya leza vinaingiana bila taabu, ila kingo zake zimeungua. Pitisha msasa kidogo pale gundi itakapokaa, maana gundi haishiki vizuri kwenye masizi. Vya kale vilikatwa kwa kubonyezwa na kisu cha chuma, na upande wa nyuma wa bapa utakuta kingo zimepondeka na kutoa nywele. Hivyo usivisukume kwa kidole vitoke. Vikate kwa kisu chenye wembe mpya kutoka pande zote mbili.

Ya kwanza: Queen au Diva za aero-naut

Kampuni hii ya Ujerumani ni ya tangu 1922, na boti zake za mbao ndizo ninazompa kila anayeniuliza aanze na ipi. Queen ina sura ya boti za starehe za miaka ya 1960, wazi na yenye viti. Diva ina kibanda. Zote zina urefu wa nusu mita na kidogo. Udogo huo una faida: karatasi za plaiwudi ni fupi, na vibano vichache vinatosha.

Vipande vimekatwa kwa leza na vinaingiana kwa vijino, kwa hiyo mifupa inajinyoosha yenyewe ukifuata mpangilio. Hilo lina maana kubwa kuliko linavyosikika. Mkuku uliopinda hauonekani mezani. Unauona majini, boti inapokataa kwenda moja kwa moja hata usukani ukiwa katikati.

Kasoro ipo. Ukiwa ni mtu wa kupenda mbao nyekundu zenye mistari myeupe ya sitaha, hizi hazitakushibisha sana, na udogo wake unazifanya zisumbuke upepo ukivuma. Ni boti za maji matulivu. Mota usizidishe: boti nyepesi yenye mota kubwa huruka omo juu na kulala chali.

Ya pili: Chris-Craft za Dumas

Hapa ndipo mbao zinapoanza kuwa mbao. Dumas wako Tucson, Arizona, mji wa jangwani, na kutoka huko wameuza seti za boti kwa miongo mingi. Zinazotafutwa zaidi ni nakala za Chris-Craft, zile boti za mahogani zilizoanzia Algonac, Michigan. Kipimo ni 1:8. Boti ya futi 19 inakuwa na inchi 28 hivi, yaani kama sentimita 71. Ile ya futi 24 ya mwaka 1930 inafika inchi 36, sawa na sentimita 91.

Mfumo wake ndio unaozipa nafasi ya pili. Kwanza unavika mifupa plaiwudi nyembamba, kisha juu yake unabandika fito za mahogani moja baada ya nyingine. Tabaka la kwanza linaweza kuwa na makosa. Unajaza, unapiga msasa, na fito zinafunika. Mgeni anasamehewa mengi hapo.

Lakini fito zenyewe zina adabu zake. Zikitoka kwenye pakiti, zitandaze zote mezani kwenye mwanga wa mchana na uzigawe kwa rangi: zilizoiva, za wastani, zilizopauka. Kisha zipange kwa jozi, moja kushoto na nyingine kulia, ili boti isiwe na upande mweusi na upande mweupe. Zinazokwenda omoni ziloweke kwenye maji ya moto, uzifunge kwa vibano mahali pake bila gundi, uziache usiku kucha. Asubuhi zimeshakariri mkunjo, nawe unagundisha bila kupigana nazo.

Na gundi iwe ile nyeupe au ya njano isiyoogopa maji. Supaglu inavutia kwa sababu inashika papo hapo, lakini inazama kwenye nyuzi za mahogani, na pale ilipozama rangi ya mbao haiingii tena. Utakuja kupaka rangi yote, na doa lililopauka litajitokeza katikati ya ubavu. Msasa hauliondoi, maana limeingia ndani.

Kati ya Chris-Craft hizi, anza na Racing Runabout ya 1949. Barrel Back ya 1940 ndiyo kila mtu anayoitamani, na kweli inapendeza: ubavu wake wa nyuma unajikunja kuelekea ndani hadi sitaha inakuwa ya mviringo. Mkunjo huo huo unataka kila ufito upunguzwe upana kwa randa ndogo kuelekea mwisho, la sivyo fito zinapandana. Ile ya inchi 36 ina kazi nyingi zaidi, ila si ngumu zaidi. Urefu wake unafanya mikunjo iwe ya taratibu. Mwenye meza ndefu na subira asiiogope.

Maelekezo yake ndiyo ugomvi wangu na hawa jamaa. Yanadhani unajua mambo ambayo usingenunua seti kama ungekuwa unayajua. Soma yote mwanzo hadi mwisho kabla ya kukata kipande cha kwanza, kisha soma tena ukiwa na mchoro mbele yako.

Ya tatu: zile za Kiingereza za zamani

Miaka ya 1950 Uingereza ilikuwa na seti za Aerokits, nyingi zikiwa kazi ya mbunifu Les Rowell, na baadhi zimerudi sokoni kupitia Vintage Model Boat Company zikiwa zimekatwa upya. Kuna Sea Queen ya inchi 46, na kuna boti ya uokoaji ya jeshi la anga la Uingereza kwa ukubwa wa inchi 34 na nusu au 46.

Hizi hazina fito wala madaha. Ni plaiwudi tupu, kingo kali na rangi ya kupaka, si vanishi, kwa hiyo kijazio kinaruhusiwa popote. Zilibuniwa enzi za injini ndogo za mafuta, ndiyo maana chumba cha injini ni kikubwa kiasi kwamba mota na betri za leo vinapotelea humo. Kwenye maji yenye mawimbi zinaziacha mbali namba moja na namba mbili.

Kilichozishusha hadi hapa ni ukubwa. Boti ya inchi 46 ni mita moja na sentimita kumi na saba. Fikiria utaijengea wapi, itapita mlango gani, na itasafiri kwa gari gani, kisha ndiyo ulipe.

Ya nne: Riva Aquarama ya Amati

Aquarama halisi, kazi ya Carlo Riva wa Sarnico, Italia, iliundwa kuanzia 1962 hadi 1996, na wapo wasioona kwamba kuna boti nyingine duniani. Amati, Waitalia vilevile, wanaitoa kwa kipimo cha 1:10, zaidi ya sentimita 80. Vyuma vyake vinang'aa, na kioo cha mbele kimekaa kama kile chenyewe.

Siipendekezi kwa anayeanza. Aquarama ina injini mbili, maana yake ni mota mbili, shafti mbili, rafadha mbili zinazozunguka kinyume, na mpangilio wote wa umeme mara mbili. Mbao zake ni za kuonekana zote. Hakuna pa kuficha kijazio. Na ukishaimaliza vizuri, kuna uwezekano mkubwa hutathubutu kuitia majini. Wengi huiweka kwenye kabati la kioo, na hakuna ubaya, mradi ulijua hivyo tangu unainunua. Ukiitaka kwa kabati tu, usinunue mota kabisa.

Uzito, kwa zote

Kabla ya kufunga sitaha, iweke boti kwenye beseni au bafu ikiwa na mota na betri ndani. Kwa boti za namna hii kitovu cha uzito kinafaa kiwe karibu na theluthi moja ya urefu ukipima kutoka nyuma. Kikisogea mbele sana boti inalima maji. Kikirudi nyuma sana inadundadunda kwa omo. Isogeze betri hadi ikae sawa, ndipo uweke kitako chake. Mbao za ndani zipakwe epoksi nyembamba kila pembe, pamoja na chini ya sitaha, kwa sababu maji yataingia tu, siku moja au nyingine.

Nisizozipa namba

Seti zisizo na jina la mtengenezaji, zenye picha ya boti ya mahogani na maelezo ya mistari mitatu, zipite. Tatizo si bei yake ndogo. Ni kwamba kipande kikikosekana huna wa kumwandikia. Seti za mbao ya balsa tupu nazo ni nyepesi na rahisi kukata, lakini zikigonga gati zinabonyea kwa kidole. Zinafaa kwa mtoto anayejifunza, mkiwa pamoja, na tumbo lipakwe epoksi juu ya kitambaa chembamba cha fibaglasi.

Seti za mkono wa pili zina bahati yake. Muulize muuzaji akupigie picha ya mabapa ya plaiwudi yakiwa yamelala juu ya kioo au meza iliyonyooka, uone kama yamepinda. Fito za zamani zikunje kidogo. Zikikatika kama tambi kavu, hesabu kununua nyingine. Vibandiko vya majina huwa vimegeuka njano, na hilo si kitu. Ulizia mchoro wa ukubwa kamili kabla ya yote, kwa sababu ukiwa nao unaweza kukata upya kila kipande kilichooza, na ukiukosa huna njia ya kujua taruma la nne lilikuwa na umbo gani.