Iliki ya Parklands, mchele wa Mwea: safari ipi inalipa ukiwa Rongai?

Anayeishi Rongai, nje kidogo ya Nairobi, na kupenda pilau inayonukia mpaka kwa jirani hulijua swali hili: nifunge safari hadi Parklands, upande wa pili wa jiji, au nichukue kilichopo hapa stejini? Mimi nimelibeba tangu nilipohama Mombasa, na nimelijibu kwa pesa zangu mwenyewe. Kuna safari zilizonilipa na kuna zilizonila. Nitazipanga hapa, kuanzia inayostahili zaidi.

Kwanza hesabu. Kwenda Parklands na kurudi ni kama kilomita 50. Gari dogo la 1500cc likiwa kwenye msongamano wa Magadi Road na Lang'ata Road, lita moja hupeleka kama kilomita 10. Ni lita tano basi, na petroli ikiwa shilingi 180 kwa lita, umetumia 900 kabla hujanusa kitu. (EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei mpya tarehe 14 kila mwezi, kwa hiyo rudia hesabu yako kila baada ya tangazo.) Ukienda kwa ajili ya robo kilo ya binzari nyembamba peke yake, zile 900 zote umeziongeza kwenye bei ya hiyo robo. Ukienda na orodha ya vitu kumi na jirani wawili wa kuchangia mafuta, kila kitu kinabeba shilingi thelathini tu. Gari ni lile lile na barabara ni ile ile.

Lakini mafuta si jambo la kwanza ninalolitazama. Kabla sijashika ufunguo hujiuliza mambo mawili. Je, kitu hiki hapa mtaani kimechakaa? Na je, nikikileta nyumbani kitakaa? Kikikosa moja, siendi. Dania, tangawizi, kitunguu saumu na nyanya za mama mboga wangu ni mbichi kila asubuhi, hakuna sababu ya kuzifuata mbali. Viungo vikavu ni kinyume chake. Duka la mtaa huuza pakiti tatu za iliki kwa mwezi, nazo hukaa rafuni kwenye jua la mlangoni. Harufu ya kiungo ni mafuta yake, na mafuta hayo hupaa. Kilichosagwa hupoteza harufu upesi zaidi kuliko kizima, kwa sababu ganda lililokuwa likiyafunika limeshavunjwa. Duka la mbali linashinda kwa sababu wateja ni wengi na gunia linaisha kabla halijazeeka.

Hili lilinifika vibaya siku ya akika ya mtoto wa ndugu yangu. Nilikuwa nimeishiwa, nikanunua bizari ya pilau iliyosagwa tayari katika duka moja la mtaani. Rangi ilitoka nzuri kabisa. Harufu hakuna. Wageni walikula wakashukuru, lakini mama yangu alikula kimya, na mimi nikajua. Tangu siku hiyo sinunui kiungo kilichosagwa, hata nikiwa na haraka.

1. Mzigo wa basi kutoka Mombasa

Najua umeshangaa kuona duka lililo karibu kilomita 500 likitangulia. Linatangulia kwa sababu hulifuati, linakufuata. Halati wangu, dada ya mama, huenda Marikiti, soko la Mackinnon pale Mombasa (si Marikiti yetu ya Nairobi ya mboga), ananinunulia iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga na binzari nyembamba, vyote vizima. Anafunga kwenye boksi na kulipeleka ofisi ya mizigo ya basi jioni, na asubuhi mimi nipo mjini nachukua. Gharama ya mzigo mdogo haifikii ile ya petroli ya Parklands. Nazi pia huja kwa njia hiyo, na hizo ndizo nazi za tui, zimekomaa na nyama yake ni nene.

Faida kubwa zaidi ni jicho la anayenunua. Halati hafungiwi kitu hajakivunja kwa ukucha. Kama huna mtu wako Mombasa, nafasi hii ya kwanza si yako, shuka ya pili. Kumpa mtu usiyemjua pesa za viungo kwa simu ni kuomba uletewe vilivyolala.

2. Parklands, mara moja kwa miezi mitatu

Kwa mwenye gari, hapa ndipo pa kwenda. Diamond Plaza na maduka yanayoizunguka yamejaa vyakula vya jikoni la Kihindi: dengu za kila rangi, unga wa dengu, samli, viungo kwa uzito unaoutaka. Na kwa kuwa jamii nzima ya pale hupika na viungo hivyo kila siku, vinatoka na kuingia. Kwenye Limuru Road kuna soko la City Park, ambako utapata karela, bamia changa na majani ya kari yakiwa bado kwenye vijiti. Hayo mabichi yachukue kwa kuwa umeshafika. Usiyafungie safari.

Ukiwa dukani, usione haya kukagua. Fungua ganda moja la iliki: mbegu ziwe nyeusi na zenye kunata kidogo. Zikiwa zimekauka na kupauka, rudisha. Karafuu ibane kwa ukucha itoe mafuta. Pilipili manga ina mchezo wa zamani wa kuchanganywa na mbegu za papai zilizokaushwa, kwa hiyo ukifika nyumbani tia chache kwenye glasi ya maji: pilipili nzuri huzama na mbegu za papai huelea. Mdalasini uko wa aina mbili. Ule wa gome nene, mgumu, uliojikunja mara moja, ndio unaouzwa sana na wa bei nafuu, na kwa pilau unafaa kabisa. Ule mwembamba wa tabaka nyingi kama sigara ni mpole zaidi, nautia kwenye chai na maandazi. Ukilipia wa pili, hakikisha hujapewa wa kwanza.

Zafarani ndiyo inayodanganya wengi. Usiinunue ya unga kamwe. Chukua nyuzi mbili, zitie kwenye maji ya uvuguvugu. Ya kweli hutoa rangi ya manjano polepole, na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Ikimwaga rangi papo hapo na uzi ukabaki mweupe, imepakwa. Kwa bidhaa za pakiti zilizotoka nje, angalia stika ya ISM, alama ya ubora ya bidhaa za nje inayotolewa na shirika la viwango KEBS, na tarehe ya mwisho, kwa sababu pakiti ikishafungwa pua haina kazi.

Toka Rongai Jumamosi saa moja asubuhi. Ukitoka saa nne, jioni itakukuta barabarani. Na beba vikapu na mikebe yako, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017 na ile mingine ya kununuliwa dukani itakuongezea gharama bure.

3. Eastleigh, kwa asiye na gari

Kama unategemea matatu, ningeipandisha Eastleigh juu ya Parklands. Unashuka mjini kwa 125 au 126, unapanda namba 6 au 9, umefika. Viungo vipo, mchele wa basmati upo kwa magunia, na tende ni za aina ambazo huku kwetu hazijawahi kufika. Jaribu xawaash, mchanganyiko wa viungo wa Kisomali: omba usagiwe mbele yako. Maziwa ya ngamia huletwa kutoka pande za Isiolo na yana harufu ya moshi, kwa sababu vyombo vyake hufukizwa kabla ya kutiwa maziwa. Mimi nayapenda sana. Lakini kwa jua la mchana na matatu mbili hadi Rongai, nayanunua ya kunywa siku hiyo tu.

Epuka Ijumaa adhuhuri, maduka mengi hufungwa kwa swala. Na tende za Ramadhani zinunue wiki tatu kabla, wakati njia bado inapitika na muuzaji bado ana nafasi ya kukuonjesha.

4. Mwea, ukiwa unapita

Mchele wa pishori ukiwa wa kweli hakuna mchele unaoufikia, na ninasema hivyo nikiwa mtu wa pwani aliyelelewa kwa basmati. Mwenyewe ni basmati pia kwa asili: pishori ya Mwea ni ile mbegu ya Basmati 370. Tatizo ni kwamba jina limeuza kuliko shamba. Magunia mengi mjini yameandikwa pishori na ndani yamechanganywa na mchele wa bei nafuu kutoka nje. Pishori safi hunukia ikiwa mbichi, kabla ya maji. Punje zake ni nyembamba, nyeupe isiyong'aa, na hazilingani sana, hata vipande vipo. Ukiona punje zinazometa na kulingana kama shanga, uliza zaidi.

Kutoka Nairobi hadi Mwea ni kama kilomita 100, na kwetu Rongai ongeza mji mzima wa kuvuka. Safari ya makusudi kwa kilo kumi ni hasara, sitakuficha. Lakini kama unaenda Embu au Meru kwa shughuli zako, simama Wang'uru, mji wa Mwea, ununue gunia. Au changeni majirani wanne mmoja aende, hasa baada ya mavuno makuu ya mwisho wa mwaka. Jihadhari tu na mchele mpya kabisa kwenye pilau: hunywa maji kidogo na hushikana. Uache miezi michache ndani ya mapipa makavu, utakuja kuchambuka wenyewe.

5. Kuletewa na boda

Kwa sosi ya soya, tambi za Kichina na vitu vya Kikorea vya maduka ya Kilimani, agiza. Chupa iliyofungwa ni ile ile ukiichagua wewe au mpanda boda. Kwa viungo vya kupimwa hapana, kwa sababu hakuna anayenusa kwa niaba yako.

Vikishafika nyumbani, usivikaushe tena juani kama wanavyofanya wengi. Vitie kwenye chupa za kioo zenye kifuniko cha kukaza, ndani ya kabati, mbali na jiko. Saga cha wiki moja tu, baada ya kukigusisha kaango la moto bila mafuta. Mimi hubandika tarehe kwenye kila chupa siku ninayoijaza, na hiyo ndiyo inayonipangia safari. Jirani yangu alipita jana kuuliza kama tunaenda Jumamosi. Nikafungua iliki, tukanusa wote wawili. Bado inawaka, nikamwambia tusubiri mwezi mmoja.