Chati za bure za ECMWF: maoni yangu baada ya kuzitumia muda mrefu

Kama we hali ya hewa unaiangalia kwa kale kapicha ka jua na wingu kwenye simu tu, hizi chati zinakuhusu. Mi mwenyewe nilikuwa hivyo. Kuna apu moja, jina naliacha, ilinionyesha Jumamosi jua siku sita kabla, tukaandaa shughuli ya familia nje, saa nane mchana mvua ikashuka mpaka turubai likalemewa na maji katikati likawa linaning'inia juu ya vichwa vya watu. Jioni nikaingia kuangalia chati za siku zile za nyuma na ile mvua ilikuwemo! Haikuwa na uhakika, ila ilikuwemo, apu ilichukua jibu moja tu mengine yote ikayaacha.

ECMWF ni kituo cha Ulaya cha utabiri, kipo tangu 1975, makao yake Reading kule Uingereza na zile kompyuta kubwa ziko Bologna, Italia. Zamani vitu vyao vingi vilikuwa vya kulipia, miaka ya karibuni wameviachia, unafungua tu unaangalia.

Nachokipenda kuliko vyote ni meteogramu ya ensembo. Hawa watu hawaendeshi utabiri mara moja, wanauendesha mara 51, mmoja wa msingi na 50 ambazo hali ya kuanzia imesogezwa kidogo kidogo, kwa sababu setilaiti na maputo na meli haziwezi kupima hewa yote ya dunia bila kukosea, na Edward Lorenz alishaonyesha 1963 kwamba kosa dogo la mwanzoni linakua mpaka linageuza utabiri mzima. Sasa ukigusa sehemu kwenye ramani inakuja michoro minne imepangwa juu chini, mawingu, mvua, upepo, joto, na kila baada ya masaa sita kuna kisanduku chembamba chenye mkia. Kisanduku kifupi maana yake tabiri nyingi zinakubaliana, kirefu maana yake zimetawanyika. Angalia mvua vizuri, mara nyingi utakuta kisanduku kimelala kwenye sifuri kabisa ila mkia umepanda juu mpaka milimita 30, yaani tabiri nyingi zinasema pakavu na chache zinasema mvua kubwa. Siku kama hiyo ndo apu inakuwekea jua. Mi nikiona mkia mrefu hivyo naandaa sehemu ya ndani, sibishani nao tena.

Alafu kuna zile ramani za picha kubwa. Ramani ya 500, yaani pale kanieneo ya hewa inapofika hektopaskali 500, juu kama kilomita tano na nusu hivi, inakuonyesha mawimbi ya Rossby, yale mapindo makubwa ya upepo wa juu, yakizunguka dunia, na ukizoea unaona wimbi limekwama mahali, hapo ujue upande mmoja watakula joto siku kumi na zaidi na upande wa pili mvua haikatiki. Ramani ya mvua pekee haitakwambia kwa nini.

Kwa maeneo ya karibu na ikweta mi naangalia zaidi MJO, lile eneo kubwa la mawingu ya mvua linalosafiri kuelekea mashariki na kurudi baada ya siku 30 mpaka 60, Roland Madden na Paul Julian ndo waliolieleza 1971. Mchoro wake una duara katikati na vipande nane pembeni. Uzi, ule mstari unaoonyesha MJO ilipo siku hadi siku, ukijikunja ndani ya duara MJO ni dhaifu, ukitoka nje ukaingia kipande cha 2 na 3 mvua zimehamia Bahari ya Hindi, 6 na 7 ziko magharibi mwa Pasifiki. Radi ya kesho kutwa mchana hakuna wa kukutajia saa yake, ila hiki kitu kinakupa mwelekeo wiki mbili tatu mbele, na utabiri wao wa siku 46 tangu 2023 unaendeshwa kila siku ukiwa na tabiri 101.

Februari 2025 wameingiza rasmi na AIFS, mfumo wao wa utabiri wa akili bandia, hii haikokotoi fizikia, imejifunza kutoka kwenye kumbukumbu za hewa za miaka mingi na wenyewe wanasema inatumia nishati pungufu karibu mara 1,000. Naiheshimu sana, hasa kwa picha kubwa, ila gridi yake, yaani umbali kati ya nukta moja ya utabiri na nyingine, ni kama kilomita 28 wakati ile ya fizikia ni 9, kwa hiyo kwa mvua naweka zote mbili pembeni kwa pembeni. Na hata hizo kilomita 9 wingu moja la radi linapita katikati yake, kwa hiyo usitegemee ikwambie mtaa gani utalowa.

Kusoma chati kunataka uvumilivu, wiki ya kwanza utachanganyikiwa na hivyo visanduku. Anza na meteogramu ya sehemu unayoijua, iangalie kila asubuhi siku kumi mfululizo, ona mikia inavyopungua siku inavyokaribia. Nyota tano kati ya tano.