Kahawa ya baraza letu Mkunazini: chungu hasa, kashata mtihani

Kahawa kwanza: nzito, ya moto, dele, yaani birika lake, halibanduki kwenye mkaa. Hapo sina neno. Kashata za njugu ndo mtihani. Ya juzi niliigonga ukingoni mwa baraza isivunjike. Na vikombe vioshwe kwa maji yanayobadilishwa, jamani.

Lakini watu hawaji kwa kashata. Juzi baada ya Alasiri ilizuka ya George Floyd, Mmarekani mweusi aliyekufa Minneapolis, Marekani, Mei 25, 2020, goti la polisi shingoni zaidi ya dakika 9. Mzee mmoja akashikilia: "Mtu alikuwa na maradhi ya moyo na dawa mwilini. Askari atajuaje?"

Maalim, karani mstaafu wa mahkama, akaweka kikombe chini. "Sheikh wangu, ukimkandamiza mgonjwa akafa, ugonjwa wake ndo wakili wako?" Akaeleza kuwa askari huyo, Derek Chauvin, alitiwa hatiani kwa mauaji, akapewa miaka 22 na nusu, na wala haikulazimu kuthibitisha alikusudia kuua. Ilitosha kwamba alimshambulia kwa nguvu isiyo halali, na mtu akafa.

Hapo muuza kahawa mwenyewe, dele mkononi, akauliza: "Na yule askari mwenzake aliyesema tumgeuze ubavu?"

Naye alifungwa. Aliuliza, akakataliwa, akaendelea kumshika Floyd miguu.

Baraza likagawika mpaka adhana ya Magharibi. Changu kilipoa sijakigusa, na nikalipishwa. Kesho nipo.