Uzoefu wangu na Elite Dangerous: kutoka Kibokoni hadi katikati ya galaksi

Tathmini hii haihusu vita, biashara wala uharamia, mambo ambayo yamo tele katika mchezo huu na ambayo wengine wanaweza kuyaeleza vyema kuniliko. Inahusu jambo moja tu nililolifanya usiku kwa usiku kwa muda wa miezi mitatu katika chumba changu cha Kibokoni, Mombasa, nalo ni kuiacha mifumo ya nyota inayokaliwa na watu, kusafiri hadi Sagittarius A*, lile shimo jeusi kubwa lililo katikati ya galaksi yetu, kisha kurudi nikiwa na chombo kizima. Nilifaulu mara ya tatu. Mara mbili za mwanzo ndizo zilizonifunza mengi ya ninayoyaandika hapa.

Kwa asiyeujua, Elite Dangerous ni mchezo wa kompyuta wa kuendesha vyombo vya angani, uliotolewa Desemba 2014 na kampuni ya Frontier Developments ya Cambridge, Uingereza, ukiwa mrithi wa Elite ya mwaka 1984 iliyobuniwa na David Braben na Ian Bell. Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, yote imo ndani yake kwa ukubwa wake halisi, ikiwa na mifumo ya nyota ipatayo bilioni 400. Nyota zinazojulikana na wanaastronomia zimewekwa mahali pake, na zilizosalia zimekokotolewa na programu yenyewe. Jioni yangu ya kwanza niliitafuta Kilimia, kile ambacho wazee husema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, nikaikuta ipo, umbali wa takriban miaka 400 ya nuru kutoka kwenye Jua letu, nikaiendea. Nakiri kwamba hapo ndipo niliposahau kabisa habari za vita. (Jua lenyewe, kwa njia, mgeni haruhusiwi kulifikia mpaka apande cheo katika Shirikisho la mchezoni na kupewa kibali. Niliweza kufika Kilimia kabla sijaweza kufika nyumbani.)

Safari ya kwanza iliharibika kwa mafuta. Chombo hujijazia mafuta kwa kuikaribia nyota na kuchota gesi yake, lakini si kila nyota huchoteka. Zinazochoteka ni za daraja K, G, B, F, O, A na M, kwa herufi ambazo wanaastronomia hupangia nyota, na herufi hizo saba ni bora uzihifadhi kama unavyohifadhi namba ya simu ya mama yako. Nyota za rangi ya kahawia zisizowaka sawasawa, za madaraja L, T na Y, hazitoi hata tone, na kadhalika nyota za nyutroni na vibete vyeupe, ambavyo ni mabaki ya nyota zilizokwisha kufa. Mimi nilitazama umbali tu. Zaidi ya hayo sikujua kwamba injini haili mafuta kwa uwiano ulio sawa: mruko mmoja mrefu kutoka nyota hadi nyota hula mafuta mengi kuliko miruko miwili mifupi inayofikia umbali uleule. Chombo changu, Asp Explorer, hubeba tani 32, na mruko wa uwezo wake wote hula takriban tani 5, kwa hivyo baada ya miruko sita ya namna hiyo tangi linakuwa karibu kavu. Nilitua kwa mruko wa sita mbele ya nyota ya daraja T, iliyofifia kama kaa la jana, nikabaki nayo tunatazamana.

Walioniokoa ni Fuel Rats, kikundi cha wachezaji wanaojitolea kuwapelekea mafuta waliokwama. Swali lao la kwanza halikuwa uko wapi, bali kama ninaiona saa ya hewa ikihesabu dakika zilizobaki. Ukiiona saa hiyo, toka mchezoni mara moja kabla ya kufanya lolote lingine, kwa maana hewa yako haipungui ukiwa nje, na ndipo uwaite. Tangu siku hiyo, kabla ya kuondoka, hufungua ramani ya galaksi, nikachuja nyota zisizochoteka zisihesabiwe katika njia, na tangi likishuka chini ya nusu nachota bila kujali haraka niliyo nayo.

Safari ya pili iliniuma zaidi, maana iliharibika nikiwa nimeshaanza kujiona mzoefu. Kila unachokigundua huko mbali hukaa ndani ya chombo chako tu mpaka ufike kituoni ukiuze kwa Universal Cartographics, na chombo kikivunjika kabla ya hapo, kila kitu kimepotea. Bima hukurudishia chombo kwa asilimia 5 ya gharama yake. Data haina bima. Usiku wa kumi na tisa niliona sayari nyekundu yenye korongo refu, nikashuka kama nilivyozoea kushuka kwingine, pua chini na kasi juu, bila kusoma mstari mmoja kwenye ramani ya mfumo unaotaja nguvu ya mvutano. Ilikuwa karibu mara tatu ya mvutano wa Dunia. Nilipovuta pua juu, chombo kiliinua pua lakini mwili wake uliendelea kuporomoka, na ngao ndogo niliyoichagua kwa ajili ya wepesi ilipasuka kama yai. Nilijikuta nimerudishwa kwenye kituo nilikoondokea, mikono mitupu, na adhana ya alfajiri ikiadhiniwa nje.

Kwa hivyo ushauri wangu kuhusu kutua ni huu: soma mvutano kwanza. Ukizidi mara mbili ya ule wa Dunia, shuka chombo kikiwa kimelala sawa na ardhi, polepole, ukiruhusu mita chache tu kwa sekunde unapokaribia chini, na kama huna sababu ya kutua, usitue. Uzuri wa korongo unaonekana vizuri tu kutoka juu.

Baada ya hapo nilikaa wiki nzima nikikitengeneza chombo upya, na sehemu hii ndiyo ninayoulizwa zaidi na vijana wa mtaani. Uzito ndio adui wa umbali, na katika mchezo huu vifaa vya daraja D ndivyo vyepesi kuliko vyote, hivyo vihisi na mitambo ya hewa niliviweka vya daraja hilo. Silaha niliziondoa zote. Huko niendako hapana wa kumpiga. Ila kuna vitu vitatu ambavyo sivitoi kwa ajili ya wepesi hata nikibembelezwa. Cha kwanza ni kichota mafuta kikubwa kadiri chombo kinavyoweza kubeba, kwa sababu kidogo hukuweka kwenye nyota dakika nyingi kila mara, na dakika hizo ukizizidisha kwa mamia ya miruko ni usiku kadhaa wa maisha yako. Cha pili ni ngao, hata ndogo, kwa kutua. Cha tatu ni mashine mbili za kukarabati vifaa, si moja, kwa kuwa mashine haiwezi kujikarabati yenyewe bali hukarabatiwa na mwenziwe. Wajuzi wataniambia mbili ni uzito wa bure. Waambie wao walale usingizi. Mimi nilizitumia zote mbili.

Injini yenyewe niliipeleka kwa Felicity Farseer katika mfumo wa Deciat, mhandisi wa mchezoni ambaye hakupokei mpaka umletee kipande kimoja cha madini yanayoitwa Meta-Alloys, naye huongeza umbali wa mruko. Kisha nikaongeza kifaa kilichotokana na teknolojia ya Guardian, viumbe wa kale waliokwishatoweka, ambacho kikiwa cha ukubwa wa 5 huongeza miaka 10.5 ya nuru kwa kila mruko. Kazi ya kukipata inachosha, sitaipamba. Lakini chombo kilichokuwa kikiruka miaka 34 ya nuru kikawa kinaruka 61, na kwa kuwa Sagittarius A* iko umbali wa takriban miaka 25,900 ya nuru, hesabu ilishuka kutoka miruko zaidi ya 760 hadi ipatayo 425 kwa safari ya kwenda tu.

Miruko hiyo inaweza kupungua zaidi kwa nyota za nyutroni. Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia wa jahazi, na alikuwa akisema kwamba baharia mjinga hulaumu upepo, na mwenye akili huungoja. Nyota za nyutroni ndizo kaskazi ya mchezo huu. Kila moja hurusha mikia miwili ya gesi kutoka kwenye ncha zake, na chombo kikiingia katika mkia huo, injini hupata nguvu ya kuruka mara nne ya umbali wake wa kawaida, kwa mruko mmoja. Miaka 61 inakuwa 244. Ila upepo huu hupasua matanga: mkia hukutikisa na kukuzungusha, na kila ukiutumia injini hupungua uzima wake kidogo. Ninavyofanya ni kuingia kwa kasi ndogo kwenye ncha ya mwisho ya mkia, mbali kabisa na nyota, na kutoka mara tu ujumbe wa kuthibitisha unapoonekana. Injini inapokaribia asilimia 80 ya uzima, nasimama na kuikarabati. Vibete vyeupe navyo vina mikia, lakini huongeza nusu tu ya umbali, na mikia yao ni mifupi mno hata unalazimika kuikaribia nyota kupita kiasi. Nimejaribu mara moja. Sirudii.

Jambo dogo ambalo halinigharimu chochote na limeniokoa mara nyingi: ukiwa bado ndani ya mruko, rudisha kasi hadi sufuri. Kila mara unatokea nyota ikiwa imekukabili usoni, na katika mruko wa mia tatu, saa nane za usiku, mkono hausikilizi tena macho.

Wengi husema safari hizi zinachosha, na wana haki ikiwa kazi yako yote ni kuruka na kuchota. Mimi nilijiwekea utaratibu wa kusimama kila baada ya miruko ishirini au zaidi na kuupekua mfumo mzima kwa kichunguzi kilichoongezwa Desemba 2018, ambacho hukuwezesha kutambua sayari kwa mawimbi yake bila kuziendea. Zenye thamani ni zinazofanana na Dunia, zenye bahari, zenye amonia na zile zinazoweza kugeuzwa zikakalika na watu. Ukiwa wa kwanza kuufikisha ugunduzi huo kituoni, jina lako linabaki pale, na kila atakayepita baadaye atalisoma. Ukiwa na toleo la Odyssey la Mei 2021 unaweza pia kushuka kwa miguu na kuchukua sampuli za viumbe, tatu kwa kila aina na kila moja mbali na nyingine, malipo yake yakiwa mazuri kuliko nilivyotarajia. Sikuzipenda safari hizo za miguu mwanzoni, ila jioni moja chini ya pete za sayari kubwa zilinibadilisha mawazo.

Sagittarius A* yenyewe haionekani. Kinachoonekana ni nyota za nyuma yake zikipindwa kama taa za barabarani kwenye maji ya dimbwi. Nilikaa hapo kama nusu saa. Mama aliingia kuniletea chai, akatazama kioo, akauliza, "Ndiko ulikokuwa ukienda miezi yote hii, mwanangu? Mbona hamna kitu?" Sikuwa na jibu la haraka.

Kurudi nilipitia Colonia, makazi yaliyo umbali wa miaka 22,000 ya nuru kutoka kwetu, yaliyoanza mwaka 2016 kituo cha angani cha Jaques kilipojaribu kuruka hadi Beagle Point, ng'ambo ya galaksi, kikapotea njiani, wachezaji wakakitafuta mpaka wakakipata, na baadhi yao wakaamua kuhamia hukohuko. Nawashauri wote wauze data yao Colonia, hata kama wanatamani kuuza kwao. Nami nisingeyasema haya kama usiku ule wa kumi na tisa haungekuwapo.

Kuhusu kuucheza Mombasa: mchezo hauendi bila intaneti hata ukiwa umechagua kucheza peke yako, kuupakua ni makumi ya gigabaiti, ila ukishaupakua hautafuni bando kama video zinavyotafuna. Tatizo langu lilikuwa umeme na joto. Mwezi wa Februari kompyuta na mimi tulikuwa tukitoka jasho pamoja, nikalazimika kucheza baada ya saa nne usiku, feni moja ikinielekea mimi na nyingine ikielekea kompyuta. Umeme ulipokatika nikiwa ndani ya mkia wa nyota ya nyutroni, nilikaa gizani dakika arubaini bila kujua kama bado nina chombo. Nilikikuta kipo. Hata hivyo sitaki kulipitia jambo hilo tena, na kama una fedha za kununua kitu kimoja tu zaidi ya mchezo, usinunue joistiki, nunua UPS, kile kifaa chenye betri kinachoiweka kompyuta hai umeme ukikatika.

Sasa ninajiandaa kwenda Beagle Point, miaka 65,279 ya nuru kutoka kwenye Jua, upande wa pili wa galaksi ambako nyota ni chache na za kuchota mafuta ni chache zaidi. Kwa chombo changu ni miruko zaidi ya 1,070 bila kuhesabu nyota za nyutroni, na nimeikusanya kaboni, vanadi na gerimani ya kuongezea nguvu ya injini pale mruko wa kawaida utakaposhindwa kuvuka. Nitaondoka baada ya Idi. UPS imefika jana kwa tuktuk.